Ubao wa Majibu

Mgeni alitokea wakati Fumo alipokuwa akipuliza pakiti tupu ya maziwa ili aipasue kwa kisigino. Ilikuwa Jumatano, siku ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni, na siku ya Chama cha Maswali. Wanachama walikuwa wameketi nje ya darasa la sita kama ilivyokuwa kawaida yao kila wiki, migongo ukutani na miguu imenyooshwa juani. Hakuna aliyemwona msichana yule akija. Walishtukia tu amesimama mbele yao, ndara mkononi, sare yake mpya bado ina mikunjo ya dukani, akiwatazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta uso anaoujua.

"Hodi," alisema.

Fumo akaipasua pakiti. Msichana akaruka, na wote wakaangua kicheko.

Hafidha, mwenyekiti wao, hakucheka, lakini hakuinuka pia. Alikuwa binti wa Mbaruk, mfanyabiashara wa ng'onda, samaki waliokaushwa, ambaye wazee wake walitoka Faza wakahamia hapa Mkwajuni, kijiji kilicho kusini ya mji wa Malindi. Hafidha alikuwa na akili nyepesi na mwandiko mzuri, na tangu achaguliwe mwenyekiti alikuwa na haraka ya mtu mwenye shughuli nyingi. Alimwuliza mgeni jina lake na anakotoka. Msichana akajibu kwamba anaitwa Kahonzi, ametoka Ganze, na amekuja kukaa na shangazi yake Kabibi, yule anayefua mashuka ya hoteli. Alikuwa amesikia darasani kwamba hapa mtu huleta swali akapewa jibu.

"Ni kweli," alisema Hafidha. "Una swali gani?"

Kahonzi akasogea hatua moja. "Madzi ya bahari hutoka saa ngapi?"

Wote walipiga kofi moja kwa pamoja, pa! Kisha wakanyoosha vidole kuelekea ukutani, wakasema kwa sauti moja, "Limeshajibiwa."

Hapo ni lazima msomaji aelezwe habari ya kofi hilo. Chama cha Maswali kilianzishwa mwaka uliotangulia na Mwalimu Jedida. Mtoto yeyote angeweza kuleta swali. Mmoja wao angelichukua, aende akaulize nyumbani, sokoni au kwa fundi, na Jumatano ya pili arudi na jibu. Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Waliuliza kwa nini popo hulala kichwa chini, kwa nini sabuni haitoi povu kwa maji ya kisima cha pwani, na nani aliyejenga magofu ya Gedi. Lakini hoteli mpya ziliposimama, watu wengi walihamia Mkwajuni kutafuta kazi, na watoto wao wakaletwa shuleni. Kila mtoto mpya alikuja na popo wake. Kila mtoto mpya alitaka kujua habari ya sabuni. Hafidha akachoka.

Ndipo alipobuni ubao. Baba yake alimpa ubavu wa sanduku la chai. Yeye na Fumo wakaupaka weusi kwa unga wa mawe ya tochi yaliyokufa, kisha Hafidha akaandika juu yake, kwa chokaa na kijiti cha mswaki, kila swali lililokwisha kuulizwa pamoja na jibu lake. Ubao ulipendeza. Hata mwalimu mkuu aliusifu. Kofi lilikuwa wazo la Fumo, naye alilileta kwa mzaha tu. Waliokwisha kuzoea walilipenda sana kofi hilo. Lilikuwa kama wimbo wao. Hakuna aliyefikiri linasikikaje masikioni mwa mtu anayepigiwa.

"Na hayaitwi madzi, yanaitwa maji," Fumo alimwambia Kahonzi. "Tena bahari haina mfereji, usimame na ndoo ungoje itoke."

Wakacheka tena. Kahonzi akausogelea ubao. Alisoma polepole, kidole kikipita juu ya kila neno, mpaka akafika mstari uliokuwa karibu na chini: *Maji hupwa saa ngapi? Saa nne asubuhi.*

Aligeuka, akafumbua kinywa kama mwenye neno jingine. Mikono ya wenzake ilikuwa imekwisha kuinuliwa, viganja vikitazamana, tayari kwa kofi. Akafumba kinywa. Hafidha alimwona alivyofumbua na alivyofumba, akadhani ameridhika. Akaita swali linalofuata.

*

Mstari ule Hafidha aliuandika siku Idah alipouliza. Idah alikuwa binti wa askari polisi aliyehamishiwa Malindi kutoka bara, na siku aliyouliza ilikuwa ya bamvua, zile siku ambazo bahari hupwa sana mpaka mtu akafika mwambani kwa miguu. Siku hiyo maji yalikuwa yamepwa saa nne asubuhi, na Hafidha akaandika hivyo hivyo. Hakuandika kwamba kesho yake yatachelewa kidogo, na kesho kutwa yatachelewa zaidi, na kwamba saa ya maji haikai mahali pamoja. Nafasi ilikuwa ndogo. Na zaidi ya hayo, haikumjia kwamba kuna mtu duniani asiyejua. Watoto wa Mkwajuni hawakumbuki siku waliyojifunza jambo hilo, kama wasivyokumbuka siku waliyojifunza kutembea.

Jumamosi asubuhi mama yake, Bi Mwanasiti, alimtuma ufuoni ampelekee ami yake mahamri na birika la chai. Ami Salmin alikuwa amekaa karibu na hori lake, mtumbwi mdogo, tangu alfajiri, akiziba ufa. Hafidha alimkuta Fumo naye yupo, amekaa juu ya mchanga, anamsaidia kwa maneno zaidi kuliko kwa mikono.

Fumo alipoona mahamri alijisogeza. Alikula moja, akajifuta mdomo, kisha akasema kama anayekumbuka kichekesho, "Yule mgeni wetu wa madzi nimemwona. Amekwenda kule funguni na kikapu kichwani, kama mtu aendaye sokoni."

"Amekwenda lini?"

"Si kitambo. Ulipokuwa bado hujafika."

Hafidha aligeuka akaitazama bahari. Maji yalikuwa yamepwa mapema asubuhi ile, jua likiwa chini bado, na sasa yalikuwa yanarudi. Vihori vilivyokuwa vimelala ubavu juu ya mchanga vilianza kusimama, kimoja baada ya kimoja. Kule mbele fungu la mchanga lilionekana kama utepe mweupe, na kati ya fungu na ufuo palikuwa na mkondo. Maji yakiwa yamepwa, mkondo huo humfika mtu magotini. Yakianza kujaa, mkondo ndio unaojaa kwanza, nyuma ya mgongo wa mtu, wakati bado amesimama pakavu na kudhani mambo ni shwari.

Juu ya utepe ule mweupe palikuwa na kitone cheusi.

"Hukumwambia?" Hafidha aliuliza.

"Nimwambie nini? Maji yanajaa, anayaona. Nani asiyejua?"

Hafidha aliuona ubao wake mbele ya macho, na mwandiko wake mzuri, na kidole cha Kahonzi kikipita chini ya maneno. Kisha akamwambia ami yake, kwa maneno yaliyogongana, kwamba yule mtoto anatoka Ganze, bila shaka hajui kuogelea, na anaamini maji yatazidi kutoka mpaka saa nne.

Ami Salmin hakuuliza mengi. Aliutazama ufa aliokuwa akiuziba, akaona utavumilia, akalisukuma hori majini. Hafidha alirukia mbele na kopo la kutekea maji, na Fumo, ambaye sasa hakuwa na kichekesho, akabaki ufuoni ameshika birika.

Ami Salmin alilisukuma hori kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Maji yaliingia kupitia ule ufa, na Hafidha akayateka na kuyamwaga, akayateka na kuyamwaga, bila kuinua macho kwa kuogopa atakachokiona. Alipoyainua, fungu lilikuwa limebaki kadiri ya mkeka mmoja. Kahonzi alikuwa amesimama katikati yake, kikapu kichwani, maji yakimfika vifundoni. Hakuwa analia wala kupiga kelele. Alikuwa wima tu, kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni.

Ami Salmin alimshika mkono akampandisha. Kahonzi akakaa, akashika kingo za hori kwa mikono yote miwili.

"Mbona hukuita?" Hafidha alimwuliza. "Ungepiga kelele tungekusikia."

"Ubao umesema saa nne," alijibu Kahonzi. "Niliona yanapanda, nikaogopa. Lakini nikajiambia saa nne haijafika, ngoja, yatatoka."

Ami Salmin aliuliza ni ubao gani huo unaoyapangia maji.

"Ni wangu, ami," alisema Hafidha. "Nimeuandika mimi."

Ami Salmin alisukuma upondo, hori likaenda. Hakumkaripia, na kwa Hafidha hiyo ilikuwa mbaya kuliko kukaripiwa.

Walipokaribia ufuo Kahonzi alikuwa ametulia, na akaeleza bila kuulizwa kwa nini alikwenda. Mama yake atakuja kumtazama Jumamosi inayofuata, na Jumapili asubuhi atarudi Ganze. Hajawahi kuiona bahari. Kahonzi alikuwa amempelekea salamu kupitia kwa jirani, akamweleza kwamba huku maji huondoka yenyewe, mtu akatembea pale yalipokuwa, kisha yakarudi.

"Kwetu mama hutoka alfajiri kuyafuata maji, arudi jua limewaka," alisema. "Nikamwambia huku maji yanamfuata mtu. Akarudisha jibu kwamba nimekaa pwani siku chache nimekwisha kujifunza uongo." Aliinama akakikumbatia kikapu chake. "Nilitaka niijue njia kwanza, ili akija nimpeleke aone kwamba sikusema uongo."

Hafidha aliliweka kopo chini. "Nitawapeleka mimi," alisema. "Jumamosi hiyo. Saa yake nitaijua, na njia naijua. Nakuahidi."

*

Mchana ule Fumo alimfuata Hafidha mpaka kwao. Alikuwa na shauri. Ukifutwa ule mstari Jumatatu asubuhi mapema, kabla kengele haijalia, nani atajua? Kahonzi hasemi sana. Ami Salmin hendi shuleni. Hafidha alilifikiria shauri hilo, na kusema kweli lilimvutia. Ubao ule ulikuwa sifa yake. Lakini usiku, kila alipofumba macho, alimwona Kahonzi amesimama wima akingoja bahari itii mwandiko wake.

Jumatatu alikwenda kwa Mwalimu Jedida akamweleza yote, tangu kofi mpaka hori. Mwalimu Jedida alikuwa mwanamke kijana kutoka milima ya Taita, na alikuwa na tabia ya kusikiliza huku amekunja mikono. Aliposikia habari ya fungu aliikunjua, akakaa. Alimwambia Hafidha kwamba amefanya vyema kuja mwenyewe. Kuhusu ubao hakusema kitu, ila aliomba usifutwe mpaka Jumatano.

Jumatano wanachama walikaa, lakini hakuna aliyepuliza pakiti. Mwalimu Jedida alisimama kando ya ubao, akauliza maji yamepwa saa ngapi siku ile. Mikono mingi ikainuka. Yalikuwa yamepwa saa nne na dakika chache.

"Basi leo ubao huu umesema kweli," alisema. "Jumamosi ulisema uongo, na mwenzenu nusura azame. Herufi hazikubadilika hata moja. Mnaelewa?"

Walikuwa wameelewa. Habari zilikwisha kuenea, na wengi walitazama chini.

Mwalimu akauliza tena, je, kesho maji yatapwa saa ngapi? Mikono ile ile ikainuka. Mikono miwili tu haikuinuka, wa Kahonzi na wa Idah. Akawauliza wenye mikono juu ni nani aliyewafundisha. Wakatazamana. Mmoja akasema ni mama, mwingine akasema ni kaka zake, mwingine akasema hajui, alizaliwa anajua.

"Hakuna aliyezaliwa anajua," alisema Mwalimu Jedida. "Fumo, ulipokuwa mdogo, ulimwuliza baba yako swali hili mara moja tu?"

Fumo alijikuna shingo. "Nilimwuliza kila siku, mwalimu. Mpaka akaniita kasuku."

"Alikupigia kofi?"

"La. Alinijibu."

Watu walicheka kidogo, na Fumo mwenyewe akacheka. Kisha akainua mkono, akauliza jambo ambalo wengine nao walikuwa nalo moyoni: ikiwa watajibu swali lile lile kila wiki kwa kila anayekuja, watafika lini kwenye maswali mapya? Si ndiyo sababu Hafidha alitengeneza ubao?

Mwalimu Jedida alikubali kwamba ni swali la haki. Akasema ubao wenyewe hauna kosa, na mtu aliyechoka kurudia maneno hana kosa pia. Kosa ni kuutumia ubao kama mlango wa kumfungia mgeni nje.

"Ubao unajua jibu," aliwaambia, "lakini haujui anayeuliza ni nani, wala anataka kwenda wapi. Hilo mtu peke yake ndiye awezaye kuliuliza. Laiti mmoja wenu angemwambia Kahonzi, 'Unataka kujua kwa nini, dada?', mambo yote ya Jumamosi yasingetokea. Swali linaweza kuwa la zamani kwenu nyinyi, na mwulizaji akawa mpya. Mjibuni yeye, msilijibu swali tu."

Ndipo walipoketi wakapanga upya. Ubao utabaki, lakini kila jibu litaandikwa pamoja na siku lilipotolewa, na yale ya maji yatafutwa kabisa yawe ya kuulizana kwa mdomo. Kofi likafa pale pale. Na kwa lile tatizo la kuchoka, Idah ndiye aliyeleta dawa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba anayelijua jibu vizuri zaidi si yule aliyelijua zamani, bali ni yule aliyeuliza mwisho, kwa sababu bado anakumbuka alichokuwa hakijui. Basi mgeni akileta swali la zamani, ajibiwe na huyo. Hafidha alimtazama Idah kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Msichana huyo alikuwa amekaa chamani muhula mzima, na hapo ndipo alipotoa neno lake la kwanza refu.

"Kahonzi," alisema Hafidha, "siku ile ulitaka kuuliza jambo jingine nasi tukakuzuia. Ulitaka kuuliza nini?"

Kahonzi alisita, akaitazama mikono ya wenzake. Ilikuwa imetulia mapajani.

"Nilitaka kuuliza, yakitoka, huwa yanakwenda wapi?"

Kwa mazoea mikono ya Fumo iliinuka, viganja vikakaribiana. Vikabaki hewani. Aliutazama ubao juu mpaka chini, kisha akamtazama Hafidha. Swali hilo halikuwamo. Walizaliwa kando ya bahari, wameoga ndani yake, wameila, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza maji yakiondoka yanakwenda wapi. Mwalimu Jedida naye alikiri hajui vizuri kiasi cha kuwafundisha. Fumo ndiye aliyeomba apewe swali hilo akatafute jibu.

Kabla hawajatawanyika, mwalimu alikuwa na habari njema. Ruhusa ya bandari ilikuwa imefika. Jumamosi, alfajiri, lori la ushirika litawachukua wanachama mpaka Mombasa, waende Kilindini wakaingie ndani ya meli, na watarudi jioni.

Watoto walishangilia. Hafidha alishangilia kuliko wote, kwa kuwa safari hiyo aliiomba yeye, na aliingojea tangu mwaka jana. Alitaka kujua namna chuma kizito vile kinavyoelea. Alikuwa amekwisha kujiona amesimama juu ya meli, ameshika ukingo, ndipo macho yake yalipomwangukia Kahonzi.

Jumamosi.

Kahonzi alikwisha kukumbuka kabla yake. Alimfuata mpaka langoni akamwambia aende tu, asijali. Yeye atamwonyesha mama yake bahari kutoka ufuoni, itatosha. Alisema hivyo huku akitabasamu, na Hafidha alipenda sana kumwamini.

Alipofika nyumbani alimweleza mama yake, akitumaini atamwambia aende. Alieleza kwamba Ami Salmin amekwenda Ngomeni kwa kazi, Fumo naye anasafiri, na maji Jumamosi yatapwa baada ya adhuhuri, wakati lori liko Mombasa. Bi Mwanasiti alikuwa akikuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikawa cheupe.

"Mwenzako amekufungulia ahadi," alisema. "Ukienda, hakuna atakayekulaumu, na mimi sitakulaumu. Lakini sitakuchagulia, mwanangu. Aliyesema 'nakuahidi' ni wewe, basi atakayeamua ni wewe."

Hafidha alikwenda nyuma ya nyumba akalia kidogo, kilio cha hasira zaidi ya huzuni. Ijumaa alimpa Idah, ambaye jina lake lilikosa nafasi kwenye lori, kiti chake. Alimwomba aangalie vizuri namna meli inavyoelea, na amletee maelezo.

Lori lilipita kabla ya jua kuchomoza. Hafidha alikuwa jikoni, na alizisikia nyimbo za wenzake tangu msikitini mpaka zilipopotea upande wa barabara kuu. Akaendelea kupuliza moto.

Baada ya adhuhuri alikuwa ufuoni. Kahonzi alikuja na mwanamke mwembamba, mrefu, aliyejifunga leso mbili na kushika ndara zake mkononi vile vile kama binti yake. Hafidha alimwamkia shikamoo, naye akaitikia kwa Kigiriama na kumpa mkono. Maji yalikuwa yamekwenda. Mahali pote palipokuwa bahari asubuhi, sasa palikuwa mchanga uliolowa, umejaa mikunjo midogo midogo, na fungu liling'aa mbele yao.

Hafidha alitangulia, akiupima mkondo kwa miguu, na wenzake wakafuata nyayo zake. Katikati ya njia mama yake Kahonzi alisimama. Alitazama nyuma kwenye ufuo, akatazama mbele, akainama akagusa mchanga kwa kiganja na kukipeleka ulimini. Chumvi ilimkunja uso. Akasema neno moja kwa binti yake, taratibu, na Kahonzi akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Amesemaje?" aliuliza Hafidha.

"Amesema sikusema uongo."

Mama akauliza jambo jingine, na Kahonzi akatafsiri: anataka kujua wanao muda gani wa kukaa, na je, maji yatakuja saa ngapi.

Hafidha aliitazama bahari, akautazama mkondo walioupita. Akamwambia Kahonzi amweleze mama kwamba wakati wa kutosha upo, aokote kome atakavyo. Kisha akawaacha wawili hao watangulie funguni, yeye akabaki amesimama kando ya mkondo, macho kwenye maji, mpaka saa ya kuwaita warudi.